Kilo Tisa na Gramu Mia Nne

Nyumbani
Jumanne, 4 Machi

Kaka Mkuruta,

Shikamoo. Na wewe Afande unayefungua barua zake kabla hazijamfikia, shikamoo pia. Humu hamna siri ya nchi, ni samaki tu. Endelea na chai yako.

Nasikia huko mmenyolewa vichwa vizima. Pole sana. Kwa sikio lako lile la kushoto, nywele ndizo zilizokuwa zinakusitiri. Mimi huku nazidi kung'aa. Tajiri wangu pale dukani amenipandisha cheo: zamani nilikuwa nabeba makopo ya rangi, sasa nabeba makopo ya rangi pamoja na funguo za stoo. Wenye vyeti wanazunguka na bahasha zao, mimi niliyeacha shule kabla shule haijaniacha natembea nikiliza funguo kiunoni.

Sasa habari yenyewe. Kaa chini, kama mnaruhusiwa kukaa.

Jumamosi nilikwenda kunyoa. Benchi limejaa, dobi yupo, fundi baiskeli yupo. Kinyozi ananipiga wembe shingoni, mara anaanza: "Jamani, huyu ndiye mdogo wake Mfalme wa Samaki."

Nikajibu, "Ndiye mimi."

"Mfalme gani? Kilo tisa na gramu mia nne, nani aliona? Kaka yako alimvua yule samaki kwa mdomo."

Benchi zima likacheka. Kaka, wembe ulikuwa shingoni kwangu, na bado nilimjibu! Nikamwambia rekodi imo ndani ya kaseti ya gemu yetu ya kuvua samaki, na jina lako liko pale juu kabisa, na kama yeye ana ubavu basi tuingie ziwani. Akasema haya.

Basi ni hivi. Jumapili tarehe 30, saa nne asubuhi, palepale saluni. Kila mtu anacheza siku moja ya gemu, tangu jua la kwenye kioo cha tivii linapochomoza mpaka linapozama, na samaki wake mmoja mkubwa kuliko wote ndiye anayehesabika. Nikishinda, Kinyozi atazima mashine yake ya kunyolea, asimame mbele ya wateja, atamke kwamba wewe ni Mfalme na yeye ni muongo. Akishinda yeye, anachukua mashine yetu ya gemu, pedi zote mbili na kaseti. Tumeandika karatasi, tumetia saini, shahidi ni dobi.

Kwa hiyo nipe siri. Unamvuaje Mdomo, yule samaki wako wa rekodi? Mimi nikimpata kule kwenye matete ananikatia mshipi kila mara. Maandishi ya gemu ni ya kigeni, hayasomeki, huwezi hata kujua yanakuonya nini. Wewe ulimtoa. Uliminyaje? Ulivuta saa ngapi, ulilegeza saa ngapi? Andika kila kitu, hata kama ni aibu.

Mashine iko salama. Mama hajui lolote na hana haja ya kujua. Mama na gemu wapi na wapi!

Ni mimi,
Dolegumba la Dhahabu


Kambini
Jumatatu, 10 Machi

Mdogo wangu,

Afande amenipa barua yako huku anacheka, kisha akaniuliza kama ni kweli kuhusu sikio.

Sina muda mrefu. Vunja hilo shindano. Nenda kwa Kinyozi leo hii, mwambie ulipandwa na hasira, mwombe karatasi, uichane. Akitaka niitwe muongo, aniite. Nimekubali.

Siri sikupi. Usiniulize kwa nini.

Mashine isitoke pale juu ya meza karibu na cherehani. Isitoke, umenisikia? Hata ukiambiwa ni kwa saa moja tu. Na Mama usimwambie kitu.

Nijibu upesi. Barua zinachukua siku nne au tano kufika, na tarehe 30 si mbali.

Kaka yako


Nyumbani
Jumamosi, 15 Machi

Kaka,

Yaani nimekutetea huku nimeshikiwa wembe, halafu wewe unaniambia nikaombe radhi! Jeshi gani hilo wanalokufundisha kurudi nyuma?

Haichaniki karatasi. Kinyozi ameibandika kwenye kioo, kati ya picha za mitindo ya nywele. Mtu akija kunyoa ndevu anaisoma kwanza.

Halafu kuna jambo dogo. Dogo sana. Nilipokwambia mashine iko salama sikusema uongo, ila sikusema iko salama wapi. Iko saluni. Siku ile ya kutia saini Kinyozi alisema, "Lete mashine ikae hapa mbele ya watu, usije ukaichezea vifaa vya ndani." Nikaona ananiona mwizi. Nikamletea palepale, ili ajue mimi siogopi. Siku ile niliona ni akili kubwa sana.

Sasa anaifanyia mazoezi kila siku. Kwenye mashine YETU. Mimi nikitaka kugusa ananiambia, "Ngoja Jumapili, mpinzani." Jana dobi ameniambia Kinyozi ametoa samaki wa kilo nane na gramu mia moja. Mimi mkubwa wangu ni saba kamili, na siku ile mkono ulikuwa na bahati.

Na kuna lingine linalonitatiza. Mama nilimwambia mashine imeharibika, nimeipeleka kwa fundi. Nikadhani itaishia hapo. Siku ya pili akaniuliza, "Fundi kasemaje?" Nikasema anatafuta kifaa. Siku ya tatu akauliza tena. Jana nimerudi kazini saa kumi na moja, nimemkuta amekaa mbele ya tivii imezimwa, mikono mapajani, cherehani kimya. Akaniuliza, "Huyo fundi yuko mtaa gani? Nitapita mwenyewe nikimpelekea mteja gauni."

Nilisema fundi amesafiri. Kaka, tangu lini Mama anaulizia gemu? Wewe unajua kitu. Mwenye siri ya Mdomo ni wewe, na mwenye siri ya Mama ni wewe. Mimi nimebaki na funguo za stoo.

Nimechungulia ule mlango wa nyuma wa saluni. Una komeo moja tu. Nakuambia tu.

Dolegumba


Kambini
Alhamisi, 20 Machi

Mdogo wangu,

Usiguse hilo komeo. Ukikamatwa, hakuna samaki atakayekutoa.

Nimeandika barua hii mara tatu nikaichana. Hii ya nne naipeleka jinsi ilivyo.

Mdomo sikumvua mimi.

Siku ile nilikuwa nimeacha gemu inaendelea nikatoka kwenda kutazama mpira. Niliporudi nilimkuta Mama ameshika pedi, futi ya kupimia iko shingoni, magauni ya wateja yamemzunguka. Hakunisikia nikiingia. Alikuwa amefumba macho. Nakuapia, amefumba macho, na Mdomo yuko kwenye ndoano. Alimvuta mpaka ukingoni, mizani ikaandika tisa na mia nne, ndipo akafumbua macho akaniona.

Aliniambia, "Usimwambie mtu. Wanaoniletea vitambaa vya harusi wakisikia nakaa mchana nacheza gemu, watapeleka kwa mwingine." Kumbe alikuwa anacheza kila siku saa kumi, akishamaliza kukata, sisi tukiwa hatupo. Mwaka mzima. Na mashine yenyewe ni yake. Aliichukua kwa mteja aliyeshindwa kumlipa ushonaji. Sisi tukadhani katuletea sisi.

Gemu ilikuwa inasubiri jina. Akasema, "Andika lako, mimi sitaki." Nikaandika. Nilipaswa kuishia hapo. Lakini uliingia wewe, ukaona, ukapiga kelele mpaka barabarani, na jioni ile watu walikuwa wananiita Mfalme. Ni tamu, mdogo wangu. Wewe mwenyewe unajua inavyokuwa watu wakikuita kitu. Nilishindwa kuirudisha. Na Mama akisikia wananiita hivyo, anainama kwenye cherehani yake, hasemi neno.

Kwa hiyo Kinyozi yuko sahihi, na wewe umeweka kitu cha Mama kwenye hatari kwa ajili ya uongo wangu.

Nilikwambia usimwambie Mama. Nilikuwa nalinda uso wangu. Mwambie. Mwambie yote, anza na langu. Siri ya Mdomo anayo yeye, mimi sijawahi kumwuliza.

Nisamehe.

Kaka yako


Nyumbani
Ijumaa, 28 Machi

Kaka,

Leo sina utani. Nilikuwa nao ukaisha Jumatatu barua yako ilipofika.

Nilikuwa nikipita pale saluni nikiwa na kifua mbele. Watoto wananiuliza, "Ni kweli kaka yako alimvua?" Nasema, "Nilikuwepo." Sikuwepo! Niliongeza chumvi juu ya uongo ambao hata si wangu. Nikikuona nitakupiga ngumi moja, halafu nitakusalimia.

Mama nilimwambia Jumanne mchana. Alikuwa anabana pindo la gauni la bibi harusi, pini nne mdomoni. Nilichagua wakati huo makusudi, nikijua mwenye pini mdomoni hawezi kufoka. Nilikosea. Alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake, taratibu, bila kunitazama. Heri angefoka.

"Umeweka rehani kitu cha nani?"

"Cha Kaka."

"Cha nani?"

"Chako, Mama."

Akang'oa pini moja kwenye kimto. Kisha akauliza, "Na huyo mkubwa, haya kaniandikia mimi?"

"Ameniandikia mimi, Mama, nikwambie."

"Mkono wa kuandika anao. Uso wa kunitazama ndio hana."

Nilimwambia, basi wewe nenda ukacheze, Mama, umshikishe adabu. Akasema, "Karatasi ina saini yangu? Aliyetia saini ndiye atakayekaa kwenye kiti." Akageuza kitambaa. Nikajua nimekwisha. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Nyinyi mnatazama ule mstari mwekundu?"

Nikasema ndiyo, ule unaopanda mshipi ukikazika. Ukifika mwisho, mshipi unakatika.

"Ule mstari unachelewa. Ukiuona umejaa, umeshakatika zamani. Mshipi unalia kabla. Sauti inakuwa nyembamba, kama uzi uliokazwa kupita kiasi. Mimi nimeshona miaka ishirini na mbili, sitazami uzi, nausikia."

Basi tangu siku hiyo ananiketisha kwenye kigoda, nimeipa cherehani mgongo. Yeye anashona kitambaa kibovu, huku anakikaza kile kiskrubu cha uzi kidogo kidogo. Kazi yangu ni kusema "sasa" kabla uzi haujakatika. Siku ya kwanza umekatika mara kumi na mbili, na mara zote kumi na mbili nilisema "sasa" baada ya msiba. "Wewe unasikiliza kwa mdomo," ananiambia. Jumatano nilipatia mara mbili. Jana saba kati ya kumi. Sauti ipo kweli, Kaka! Inatoka kwenye mngurumo inakuwa kama mbu. Nimeishi nayo nyumba moja tangu nizaliwe, sijawahi kuisikia.

Lakini pedi yenyewe sijaishika wiki nne. Nafanya mazoezi ya samaki kwa kutumia gauni.

Ametoa sharti moja. Nikishindwa, atasikia kutoka kinywani mwangu kwanza. Akisikia barabarani, nitafute pa kulala.

Barua hii haitakufikia kabla ya Jumapili. Naandika tu kwa sababu usingizi hauji.

Mdogo wako


Kambini
Jumatatu, 31 Machi

Mdogo wangu,

Sijapata neno lako tangu tarehe 15. Sijui kama yangu ilifika, sijui kama ulimwambia, sijui kama uliruka lile komeo. Jana saa nne nilikuwa zamu ya jikoni. Nilimenya gunia zima la viazi, nikajikata mara mbili. Afande kaniuliza nina nini. Nikamwambia mdogo wangu anavua samaki. Akasema, "Leo ndiyo ile siku?" Akanipa ruhusa nikae dakika tano.

Nyumbani mna mashine au hamna? Andika hata mstari mmoja.

Kaka yako


Nyumbani
Jumatano, 2 Aprili

Kaka,

Hamna.

Nisikilize mpaka mwisho, usirushe barua.

Saluni ilijaa mpaka watu wamekaa juu ya ndoo. Kinyozi alianza. Simpunguzii kitu, mikono anayo. Alitoa samaki wa nane na gramu mia nne, akapigiwa makofi, akaniachia kiti huku anakipangusa kwa taulo kama nakuja kunyolewa.

Asubuhi yangu ya gemu ilipita bure. Vidagaa. Watu wanacheka, mmoja anaimba. Mchana wa gemu nikatupa ndoano kwenye matete, nikafumba macho kidogo, na Kaka, Mdomo akauma! Pedi nzima ikatikisika. Nikamsikia. Mngurumo, mngurumo, nikavuta. Ukaanza kuwa mwembamba, nikalegeza. Dobi anasema polepole, "Jamani, huyu kijana..." Nikavuta tena. Alibaki kama hatua tatu za gemu kufika ukingoni.

Kinyozi akanyoosha mkono, akapandisha redio mpaka mwisho.

"Punguza!" nikapiga kelele.

"Wateja wachangamke. Karatasi imesema chochote kuhusu redio?"

Nikasogeza sikio mpaka likagusa kioo cha tivii. Watu wakaangua kicheko, kumbe wanadhani nambusu samaki. Sikusikia kitu ila ngoma za redio. Nikarudi kwenye ule mstari mwekundu, kama zamani. Ulikuwa bado haujajaa. Mshipi ukakatika.

Kabla jua halijazama nikatoa mwingine, nilivuta kwa hasira tu. Nane na gramu mia mbili. Nimeshindwa kwa gramu mia mbili, Kaka. Hata sabuni ya kipande ni nzito zaidi.

Sikusubiri maneno. Nilitimka mbio, nikawapita watoto wanaokwenda kutangaza, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Nikamkuta Mama anapiga pasi. Nikasema, "Mama, nimeshindwa. Imekwenda." Nikalia, andika hiyo pia, mwambie na Afande.

Aliweka pasi pembeni. "Kwa kiasi gani?"

Nikamwambia.

"Mshipi hukuusikia?"

"Niliusikia, Mama. Akafungulia redio."

Akavua futi shingoni, akaitundika msumarini. Akavaa vile viatu vyake vya kwendea kwa wateja. Nikamfuata na kiatu changu kimoja.

Tulipoingia, Kinyozi alikuwa anamnyoa mtu, upande mmoja umekwisha, mwingine bado. Akaanza haraka haraka, "Karibu, Mama. Ila kama ni mashine, karatasi ilisema..."

"Karatasi nimeisoma. Mashine ni yako. Sikuja kuomba." Akatazama tivii. "Wanaotaka kucheza wanakaa wapi?"

Dobi ndiye aliyesogea kwenye benchi. Mama akakaa, mkoba mapajani, akasubiri kijana aliyekuwa anacheza amalize siku yake. Alisubiri kama yuko hospitali. Kisha akachukua pedi, akamwambia Kinyozi bila kugeuka, "Zima redio."

Kaka, aliizima!

Sitaki nikuongopee niliyoyaona, kwa hiyo nasema kidogo. Alitupa kwenye matete, akafumba macho. Mdomo akauma, mshipi ukaanza kulia, na mimi kichwani kila nikisema "sasa", dole lake linalegea palepale. Yule mteja wa nusu kichwa alisimama na shuka lake shingoni aje aone. Mizani ikaandika tisa na gramu mia moja. Hata makofi hayakupigwa. Watu walisahau.

Ndipo dobi akauliza, "Mama, sasa ile ya tisa na mia nne ilikuwa ya nani?"

Kinyozi akanitazama. Mimi nikatazama nywele zilizo sakafuni. Nilikuwa naomba Mungu redio iwake yenyewe.

Alichojibu amenikataza kuandika, anasema ni chake kukwambia. Ametia karatasi yake humu, ameikunja mara nne, akasema nisiisome. Nimeisoma.

Mdogo wako asiye na mashine


Nyumbani
Jumatano, 2 Aprili

Mwanangu,

Mdogo wako amekuandikia mengi. Ondoa nusu. Hakulia, alibweka.

Dobi aliniuliza mbele ya watu. Kabla sijajibu nilikufikiria wewe ukirudi na sare yako, watu wanakuchekea. Ningeweza kusema ni yako. Nimesema hivyo kwa kunyamaza miaka miwili, na angalia kunyamaza kwangu kumetufikisha wapi: wewe unaogopa kuniandikia, mdogo wako anapigania kitu ambacho hakikuwepo. Nikasema, "Yangu." Kinyozi akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye.

Ufalme wako umekwisha. Jina lako nililokupa mimi bado lipo, halina doa.

Nilidhani wateja watakimbia. Jana bibi harusi mmoja alikuja kujaribu gauni, akaniuliza kwa sauti ndogo kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Kesho atakuja saluni na mama yake kutazama.

Mashine siidai. Iliyotiwa saini imetiwa saini. Lakini kila siku saa kumi naacha cherehani nakwenda kukaa pale, na Kinyozi hana la kufanya, maana wanaokuja kutazama wananyoa pia. Redio haiwashwi mpaka niondoke. Mdogo wako bado anasikiliza kwa mdomo, ila anaendelea.

Nasikia mtapewa likizo mwezi wa sita. Usije na maelezo, nimeshayasoma yote kwenye barua ya mwenzio. Ukifika, weka begi nyumbani, uje saluni. Kaa kwenye benchi, upange foleni kama watu wengine. Zamu yako ikifika, nitainuka nikupishe.

Mama